Je, Wajua? Usiiamini Pua Yako Shimoni

Je, wajua kwamba unaweza kuzimia kwa pumzi moja au mbili tu, tena bila hata kukohoa? Ingia kwenye tangi lililojaa nitrojeni tupu, vuta hewa, na kabla hujauliza "mbona..." umeshalala chini. Wala usidhani nitrojeni ni sumu ya ajabu kutoka maabara. Asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa hivi ni hiyohiyo!

Sogea karibu nikupe siri yake. Unapojizuia kupumua, ule mbano wa kifuani hauletwi na oksijeni kuisha. Unaletwa na hewa ya ukaa kujazana kwenye damu. Ndani ya nitrojeni hewa ya ukaa inaendelea kutoka kama kawaida, mwili unajiona uko salama, na wewe unaanguka huku ukijihisi mzima kabisa.

Hebu pima mwenyewe jinsi tunavyoishi kwa kudra. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9. Sheria za kazi za Marekani zinahesabu hatari kuanzia chini ya asilimia 19.5. Tofauti ni 1.4 tu! Ikishuka hadi kama asilimia 6, sekunde 40 zinatosha kumpotezea mtu fahamu, na ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6. Zimamoto wa mtaani kwenu huchukua dakika ngapi kufika?

Tunazungumzia wapi? Chemba za majitaka, makaro, visima, matangi ya mafuta, mabomba, maghala ya nafaka, ngama za meli. Popote mtu anapoweza kuingia kufanya kazi, lakini hapakujengwa ili akae, na mlango wake ni wa kupenya kwa taabu. Mafundi wa usalama hupaita sehemu finyu, na ukipajua utaacha kupadharau.

Sasa shika moyo. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu hizo hawakuwa wale walioanguka mwanzo. Walikuwa waokoaji! Mtu anamwona mwenzake chini, anarukia ndani, anavuta hewa ileile, naye analala juu yake. Kisha anakuja wa tatu.

Unadhani natia chumvi? Septemba 2007, Bahari ya Kaskazini, meli ya Viking Islay. Mnyororo wa nanga ulikuwa ukigongagonga, mabaharia wawili wakaenda kuufunga kwenye chumba chake. Wakaanguka. Wa tatu akawafuata akiwa na kifaa kidogo cha kupumulia cha kuukimbia moto, ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Wote watatu walikufa.

Muuaji wa mabaharia hao unamjua? Kutu! Naam, kutu hii ya kawaida kabisa. Chuma kinaposhika kutu kinakula oksijeni, na kwenye chumba kilichofungwa kwa muda mrefu kinaweza kuila mpaka hewa isimfae binadamu. Hapakuwa na gesi ya sumu mle ndani, wala harufu, wala moshi.

Mbao nazo zimo. Magogo na vipande vya mbao vikifungiwa kwenye ngama hunyonya oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, na mara nyingine kaboni monoksaidi pia. Baharia anafungua mfuniko, anaona shehena imetulia, anashuka ngazi hatua chache kuikagua. Hatari haiko kwenye magogo, iko kwenye ngazi.

Je, wajua tufaha unalonunua likiwa jekundu na gumu huenda lilichumwa miezi mingi iliyopita? Huhifadhiwa kwenye vyumba vilivyopunguzwa oksijeni hadi asilimia 1 hadi 3 hivi ili lisizeeke. Tunda linapata usingizi mtamu. Mtu akiingia humo bila mtungi wa hewa, hatoki kwa miguu yake.

Na divai? Lita 1 ya maji ya zabibu ikichacha hutoa zaidi ya lita 40 za hewa ya ukaa. Hewa hiyo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatulia chini ya pipa na kumsubiri anayekuja kusafisha. Ukipita juu husikii kitu. Ukiinama, shauri yako.

Hata bila mitambo dunia inaijua hila hiyo. Kandokando ya Goma, huko Kongo, kwenye mabonde madogo chini ya volkano, hewa ya ukaa hutoka ardhini na kujikusanya kimya. Wenyeji wanapaita mazuku. Mbuzi huingia kula majani na kuanguka, huku mwenye mbuzi aliyesimama ukingoni anapumua vizuri tu! Wataalamu wa volkano wanaoandika kwa lugha nyingine hutumia jina hilohilo la watu wa Goma, maana hawakupata lililo bora zaidi.

Haya, twende kwenye gesi ya mayai viza. Jina lake ni haidrojeni salfaidi, nayo huzaliwa kwenye makaro, chemba na mashimo ya samadi. Pua ya binadamu inainusa hata ikiwa chini ya sehemu 1 katika milioni. Pua hodari, siyo? Subiri kwanza. Ikifika kama sehemu 100 katika milioni, inailevya pua isinuse tena! Fundi anashusha pumzi, anasema harufu imepungua, kumbe gesi ndiyo inazidi.

Sehemu 1,000 katika milioni ni asilimia 0.1 tu, kiasi ambacho ungekidharau kwenye hesabu yoyote ya sokoni. Kwa gesi hii, kiasi hicho humwangusha mtu papo hapo.

Tena ina tabia ya kujificha. Karo linafunguliwa, hakuna dalili, mtu anatia mti na kukoroga tope, na gesi iliyokuwa imenaswa humo inafumuka yote kwa mpigo. Ndiyo maana wanaojua kazi hupima kabla ya kuingia na kuendelea kupima wakiwa ndani. Hewa ya saa mbili asubuhi si hewa ya saa nne.

Kitambaa kilicholoweshwa maji puani je? Sahau, rafiki yangu. Kitambaa hakichuji gesi, na hata barakoa nzuri ya dukani haitengenezi oksijeni ambayo haipo. Penye upungufu wa oksijeni dawa ni moja: hewa inayotoka kwingine, kwa bomba au kwa mtungi mgongoni.

Unamjua muuaji wa visimani asiye na harufu, rangi wala ladha? Kaboni monoksaidi. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo ikifika kwanza haiachi nafasi. Watu hushusha pampu ya petroli kisimani ili kukausha maji, kisha wanashuka wenyewe kuchimba. Moshi umekwisha kuondoka, gesi imebaki!

Tusicheke wa kale, walijitahidi. Mrumi Pliny, katika karne ya 1, aliandika kwamba wachimba visima hushusha taa inayowaka kabla ya kuingia, na ikizimika hawaingii. Alieleza hata jinsi ya kuchimba mashimo ya pembeni ili kuvuta hewa mbaya itoke. Miaka karibu 2,000 iliyopita! Pliny huyohuyo alikufa mwaka 79 ufukweni karibu na Vesuvius, volkano ilipolipuka, na masimulizi ya mpwa wake yanataja moshi mzito uliomziba pumzi.

Lakini taa ina walakini mkubwa. Mshumaa huzimika oksijeni ikiwa kama asilimia 16, kwa hiyo unajua kitu kimoja tu. Taa haisemi lolote kuhusu kaboni monoksaidi, ambayo inaweza kuua huku taa inawaka vizuri. Na kama chini kuna mvuke wa petroli, au methani kati ya asilimia 5 na 15, taa yako itakujibu kwa mlipuko.

Mlipuko wa namna hiyo uliua watu 92 kwenye mgodi wa Felling, Uingereza, mwaka 1812. Miaka mitatu baadaye Humphry Davy akaja na taa iliyozungushiwa wavu mwembamba wa chuma. Hewa inapita, mwanga unapita, lakini moto haupiti! Wavu huo unapoza ndimi za moto kabla hazijatoka. Na kulipokuwa na methani, mwali wa taa ulirefuka na kumtahadharisha mchimbaji.

Sasa nikujulishe kwa bwana niliyempenda kuliko wote humu: John Scott Haldane, Mskoti. Alitaka kujua gesi za migodini zinaua vipi, basi akawa anajifungia kwenye kisanduku na kuzivuta mwenyewe, huku akiandika anavyojisikia! Alivuta hata kaboni monoksaidi. Ukimwona mtafiti wa leo anayelalamikia kiti chake, mkumbushe.

Alikuwa na mtoto, Jack, naye hakusalimika. Alimpeleka mgodini, akamsimamisha penye methani, akamwambia akariri hotuba ya Mark Antony kutoka tamthilia ya Shakespeare, ileile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Mtoto akakariri, pumzi ikamwishia, akaanguka. Pale chini akazinduka! Methani ni nyepesi kuliko hewa, inakaa juu, na hewa safi ilikuwa sakafuni. Somo hilo Jack hakulisahau, naye akaja kuwa mwanasayansi mashuhuri, J.B.S. Haldane.

Ni Haldane huyo baba aliyependekeza kanari, ndege mdogo wa manjano anayefanana na chiriku. Ndege huyu anapumua haraka mno, kwa hiyo gesi inamfikia kabla ya mchimbaji. Akiyumba kwenye kitundu, watu wanatoka mbio.

Unamhurumia kanari? Ngoja. Kulikuwa na vitundu vyenye kimtungi cha oksijeni juu yake! Ndege akizimia, mlango unafungwa, oksijeni inafunguliwa, anaamka. Wachimbaji waliwapenda hivyo.

Na walifanya kazi mpaka lini? Vita ya kwanza? Ya pili? La! Uingereza ilitangaza kuwastaafisha Desemba 1986, wakiwa wamebaki zaidi ya 200. Wanadamu walikuwa wameshatembea mwezini miaka 17 kabla.

Kifaa kilichowarithi kinatoshea mfukoni na kinapima gesi nne kwa pamoja. Lakini sikia hili: kihisi cha oksijeni cha aina iliyoenea zaidi ni kibetri kidogo kinachotumia oksijeni ya hewani, kwa hiyo kinazeeka hata kikiwa kimezimwa kabatini. Kwa kawaida baada ya miaka miwili hivi kimekwisha. Kifaa kipya kabisa kwenye boksi lililosahaulika stoo kinaweza kuwa kizee.

Kupima kwenyewe kuna utaratibu wake. Oksijeni hupimwa kwanza, kisha gesi za kuwaka, kisha sumu. Kwa nini? Kwa sababu kihisi cha kawaida cha gesi za kuwaka huziunguza kidogo ndani yake, na bila oksijeni hakiunguzi kitu. Kinasema sifuri huku umezungukwa na petroli! Na hupimwa juu, katikati na chini, maana kila gesi ina ghorofa yake: methani juu, haidrojeni salfaidi chini.

Basi tuongeze oksijeni nyingi tuwe salama, siyo? Thubutu! Ikizidi asilimia 23.5 inahesabiwa hatari, kwa sababu nguo na nywele zinashika moto kirahisi. Januari 27, 1967, wanaanga watatu wa Apollo 1 walikuwa kwenye mazoezi, chombo kikiwa kimesimama ardhini, kimejazwa oksijeni tupu. Cheche ikatokea. Mlango ulifunguka kwa ndani na ulihitaji angalau sekunde 90 kufunguliwa. Hawakuzipata. Vyombo vilivyofuata vilipewa mlango wa kufunguka nje, kwa sekunde chache.

NASA haohao wa Apollo, Machi 19, 1981, wakiandaa safari ya kwanza ya chombo cha angani Columbia, mafundi waliingia sehemu ya nyuma ya chombo iliyojazwa nitrojeni. Wawili wakapoteza maisha. Watu waliojua hesabu za kwenda mwezini na kurudi walizidiwa na hewa ya chumbani!

Ya Delaware, Marekani, mwaka 2005 ndiyo inayoniuma zaidi. Kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta, roli ya solotepu ilikuwa imebaki ndani ya mtambo uliojazwa nitrojeni. Fundi akajaribu kuiokota, akaanguka. Mwenzake akashuka kumwokoa. Watu wawili, solotepu moja.

Ndiyo maana kuna kazi ya ajabu kuliko zote kiwandani: mlinzi wa mlango wa sehemu finyu. Kazi yake ni kubaki nje. Mwenzake akianguka mbele ya macho yake, haruhusiwi kuingia hivihivi! Anaita waokoaji na kuzungusha winchi. Aliye ndani amevaa mkanda wa mwili mzima uliofungwa kamba, na kamba inapita kwenye tripodi juu ya shimo. Jaribu wewe kusimama hapo ukimtazama ndugu yako, uone kama ni kazi ndogo.

Kwenye meli za safari za kimataifa mazoezi ya kumtoa mtu sehemu kama hizo yamekuwa lazima kila baada ya miezi 2, tangu Januari 2015. Wapo mabaharia wanaotoka Zanzibar, Tanga na Mombasa, kwa hiyo huenda binamu yako ameshamvuta mtu wa majaribio mara nyingi kuliko unavyodhani.

Gesi zipumzike kidogo, tuje kwenye mahindi. Mahindi! Ukisimama juu ya nafaka ndani ya ghala refu la chuma wakati inafunguliwa chini, sekunde 5 zinatosha kukunasa usiweze kujitoa. Sekunde 20 na kidogo, umefunikwa kabisa. Kihenge cha babu hakikuwa na tabia hizo.

Na usimvute kwa nguvu aliyezama hadi kiunoni. Nafaka humshika kwa uzito wa zaidi ya kilo 150, na wanaovuta wanaweza kumuumiza vibaya. Waokoaji humzungushia kuta za mabati mpaka awe kama ndani ya pipa, kisha wanachota mahindi yaliyobaki ndani ya hizo kuta. Taratibu anatoka.

Je, wajua Uingereza watoto walikuwa ndio ufagio? Bomba la moshi la inchi 9 kwa 9, kama sentimita 23, alipandishwa mvulana mdogo akwangue masizi kwa magoti na viwiko. Sheria ya 1788 ilisema asiwe chini ya miaka 8, ya 1840 ikapiga marufuku kabisa, na hakuna aliyejali. Ilibidi ifike 1875 ndipo ikaja sheria yenye meno.

Na daraja la Brooklyn, New York? Misingi yake ilichimbwa na watu waliokuwa ndani ya masanduku makubwa chini ya mto, yaliyojazwa hewa ya kushindiliwa ili maji yasiingie. Walipotoka haraka, viungo viliwauma vibaya mno, na wengine walikufa. Mhandisi mkuu, Washington Roebling, aliugua humo mwaka 1872. Mkewe, Emily, akabeba kazi kwa zaidi ya miaka 10, akijifunza uhandisi huku akipeleka maagizo. Daraja lilipokamilika 1883, alilivuka kwa gari la farasi akiwa amepakata jogoo!

Aliyekuja kutoa jedwali la kuwatoa watu taratibu kutoka kwenye mgandamizo huo ni nani? Haldane yuleyule, mwaka 1908! Safari hii hakujifungia mwenyewe tu. Alitumia mbuzi.

Siku hizi kuna anayeingia chemba bila mapafu. Uhindi ilipiga marufuku kwa sheria ya 2013 kuwatumia watu kuzoa kinyesi kwa mikono, na mwaka 2018 vijana wa Kerala wakatoa roboti iitwayo Bandicoot. Ina miguu minne, inashuka chemba, inakwangua taka na kuzipandisha juu, na mwendeshaji amesimama barabarani akiangalia skrini. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya ina yake ya 2007. Roboti tuliyotengeneza wenyewe bado naisubiri kwa hamu.

Mapango nayo? Mwaka 2018 Thailand, vijana 12 na kocha wao walinaswa pangoni na maji, na oksijeni waliyokuwa wakivuta ilishuka hadi asilimia 15. Wote 13 walitoka hai. Aliyekufa katika kazi hiyo, mnamo Julai 6, alikuwa mpiga mbizi aliyetoka kuwapelekea mitungi ya hewa: Saman Kunan. Mtungi wake mwenyewe uliisha njiani.

Chile, 2010, wachimbaji 33 walikaa siku 69 chini ya ardhi, kisha wakapandishwa mmoja mmoja kwa kapsuli yenye upana wa sentimita 54 tu. Chukua rula upime mabega yako. Ulimwengu mzima ulikesha ukiwatazama.

Lakini kabla hujawashangilia wa Chile, njoo nyumbani. Mererani, Tanzania, 2002, wanaapolo, yaani wachimbaji wa tanzanite, zaidi ya 30 walikufa shimoni kwa kukosa hewa safi. Tanzanite ilikuwa pale pale, nzuri kama kawaida. Kilichokosekana hakina bei sokoni.

Na Kahama, Oktoba 5, 2015, mgodi mdogo wa dhahabu wa Nyangarata uliporomoka na kufukia wachimbaji. Walionekana wamekwisha. Siku 41 baadaye sauti zikasikika kutoka chini, na watu watano wakatolewa wazima, wakiwa wameishi kwa mizizi, vyura na wadudu na maji yaliyokuwa yakidondoka! Piga hesabu za kalenda hapo. Walishuka shimoni rais akiwa Kikwete. Uchaguzi ukapita, kura zikahesabiwa, kiapo kikaliwa Novemba 5, na walipotoka Novemba 15 rais alikuwa Magufuli.